Hakimu wa Mafriji

Fundi ninayemweleza hapa hakuwahi kumtazama mteja usoni. Naanza na hilo kwa sababu watu wakimsifia husema ana sikio, ana mkono mwepesi, hana tamaa, na yote hayo ni kweli. Lakini mimi niliyemuuzia vipuri kwa miaka kumi na moja nasema macho yake yalikuwa ya friji tu. Aliingia nyumba ya mtu, akatoa salamu huku amelielekea friji, akaingiza kichwa ndani, na maongezi yote yakaendelea akiwa humo humo. Mwenye nyumba alibaki kuongea na mgongo wake.

Benchi lake la kazi lilikuwa kwenye kibaraza cha duka langu. Nauza mota, mipira ya milango, swichi, mabomba, vitu vya mafriji na mashine za kufulia. Yeye hakunilipa kodi ya kibaraza, mimi sikumdai, maana kila aliyemtafuta fundi alitoka pale na kipuri changu. Tulifaana. Asubuhi alifika kabla yangu, shati limenyooka, kalamu mbili mfukoni, ungedhani anakwenda kusimamia mtihani.

Jina la Hakimu alilipata kwa desturi yake ya kazi. Mafundi wengine wakiitwa hufungua begi, yeye alifungua kesi. Bisibisi haikutoka mpaka mtu akiri. "Nani alibandua barafu kwa kisu?" "Nani aliingiza sufuria ikiwa bado inafuka?" "Nani anaegemea huu mlango akichagua cha kunywa?" Imani yake ilikuwa moja: friji haliharibiki, huharibiwa. Na ubaya wa jambo hili ni kwamba mara nyingi alikuwa sahihi. Watoto walichapwa, waume waliumbuka mbele ya wake zao, wasichana wa kazi walifungasha virago. Kisha Hakimu akatengeneza kwa robo saa, akajifuta mikono, akaondoka, nyumba nzima ikabaki imenuniana.

Nilicheka, niseme ukweli wangu. Alirudi kibarazani akanisimulia, akiigiza sauti ya mama mwenye nyumba na kigugumizi cha msichana wa kazi, nami nikashika mbavu. Nilimpa maji ya kunywa nikamwambia kama yeye hakuna. Alipenda kusifiwa kama mtoto.

Siku moja alinieleza habari ya ujana wake. Aliajiriwa kwenye chumba cha baridi cha wauza nyama, akiwa bado anajifunza. Asubuhi moja nyama yote ikakutwa imeharibika. Tajiri akamnyooshea kidole mbele ya wafanyakazi wote, akasema kijana huyu ameacha mlango wazi. Alifukuzwa bila kusikilizwa. Baada ya mwezi ikajulikana kwamba mlango ulikuwa umefungwa, kilichokufa ni swichi ya kuongoza baridi. Hakuna aliyemwita arudi, wala aliyemwomba radhi. Alinisimulia hayo huku anachonga waya, macho makavu. Mtu aliyeonjeshwa shubiri ya namna hiyo ungetegemea awe mpole kwa wenzake. Wapi! Alichojifunza yeye ni kwamba kati ya anayenyoosha kidole na anayenyooshewa, afadhali uwe yule wa kwanza.

Sasa nifike kwenye nyumba yenyewe. Yaliyotokea mle nimeyasikia kwa Hakimu, na baadaye nikayasikia kwa mwanamke aliyehukumiwa. Natamani yangepishana, lakini yalilingana neno kwa neno.

Ilikuwa nyumba ya karani wa bohari. Mlikuwa na karani mwenyewe, mkewe, binti yao wa miaka minne, na mama yake karani, mgonjwa wa sukari anayejichoma sindano asubuhi na jioni. Dawa yake alipewa kliniki, ya miezi mitatu kwa mpigo, na mahali pake ni ndani ya friji, sehemu ya chini, isigande wala isipate joto. Juu kwenye friza, yule mke alikuwa anagandisha mifuko ya barafu ya kuuzia majirani. Mama mkwe hakuipenda biashara ile. Aliona watu wanagonga mlango kutwa nzima, nyumba inakuwa kama kioski.

Ikawa friza linagandisha mpaka mifuko inalia kama mawe, lakini chini pana joto. Maziwa yalikatika kabla ya adhuhuri, nyanya zilitoa maji. Na sukari ya mama ikaanza kupanda. Kliniki wakamwongezea dozi, ikapanda tena. Ndipo muuguzi akauliza, "Mama, hiyo dawa mnaiweka wapi?" Karani akaitwa kutoka kazini, na Jumamosi yake Hakimu akaitwa nyumbani.

Walimngoja jikoni kama wanaongoja matokeo. Mama amekalishwa kitini. Karani amesimama nyuma yake. Dada yake karani, ambaye kwa yule mke ni wifi, alikuwa amekuja maalumu, na mkoba hajauweka chini. Mke mwenyewe alikuwa pembeni ya jiko. Hakimu akafungua friza, kichwa kikazama.

"Nani anapakia humu?"

"Ni mimi, fundi," mke akajibu.

"Unapakia barafu au unajenga ukuta?"

Wifi akacheka. Hakimu, ambaye kicheko cha mtazamaji kilimpandisha mori siku zote, akaanza kufundisha. "Nisikilizeni. Baridi inatengenezwa huku juu, nyuma ya kibao hiki. Kuna feni inaisukuma ishuke chini kwa tundu hili hapa. Mnaliona? Hamlioni, kwa sababu limezibwa na biashara ya mtu. Sasa huko chini patapoaje?"

Kila neno lilikuwa sahihi, na tundu kweli lilikuwa limezibwa. Mifuko ilikuwa imepangwa mpaka darini.

"Fundi, naomba niseme," mke akasema. "Jumatatu niliitoa mifuko yote nikaipeleka kwa jirani. Siku tatu friza lilikuwa tupu kabisa. Chini palibaki na joto vilevile, ndiyo maana nikairudisha. Na ule mvumo wa ndani sijausikia siku nyingi."

Hapo nisimame kidogo, maana hapa ndipo mtu alipoharibiwa maisha. Mafriji ya aina ile yana kitufe kidogo kwenye fremu ya mlango wa friza. Ukifungua mlango, kitufe kinaachia na feni inasimama. Kwa hiyo mlango ukiwa wazi lazima kuwe kimya, feni iwe nzima au iwe imekufa. Anayetaka kujua hukibonyeza kitufe kwa kidole, kana kwamba mlango umefungwa, akasikiliza. Ni kazi ya sekunde tatu. Hakimu alilijua hilo kuliko fundi yeyote niliyewahi kumuuzia kitu. Lakini alikisikia kile kimya akakiona cha kawaida, kwa sababu kichwani mwake kesi ilikuwa imekwisha, mshtakiwa yuko pale, ushahidi umegandiana mbele ya pua yake. Kidole hakukiinua.

"Mama," akamwambia mke bila kutoa kichwa, "mimi nafungua mafriji tangu wewe hujaota meno. Leo nifundishwe habari ya mvumo na muuza barafu?"

Wakacheka, hata karani. Hakimu akatoka ndani ya friza, akafunga mlango, akaliambia friji, maana hata wakati ule hakumtazama mtu, "Hili friji ni zima. Anayelipakia ndiye anayeharibu dawa ya mama." Akachukua begi lake akatoka.

Wifi hakuhitaji zaidi. "Kumbe mama anajichoma maji matupu kila siku ili mtu auze barafu!" Mama mkwe aligeuza uso. Na yule mke alipomwambia mumewe jioni ile, nakuapia niliitoa mifuko, muulize jirani, mume akamjibu kwamba fundi amesema na fundi hana ugomvi na mtu.

Mifuko ilimwagwa yote. Siku ya tano mama akaanguka bafuni. Alilazwa wiki mbili, na alirudi akiwa amekatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Kabla hajatolewa wodini, mke alikuwa ameshawekewa begi lake mlangoni. Aliomba aondoke na mtoto. Wifi akasimama katikati ya mlango. "Aliyetaka kumuua mkwe wake kwa sababu ya barafu, mtoto atamfanya nini? Huyu anabaki." Karani alitazama chini. Mtoto akabaki.

Hakimu alinisimulia mpaka pale pa kuota meno, na nilicheka. Ya begi na ya mtoto tuliyasikia baadaye mtaani.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja akaja dukani mwenyewe, hakunitupia salamu wala utani.

"Dada, nipe mota ya feni. Ile ndogo."

"Ya nyumba gani?"

"Ya yule muuza barafu." Akacheka, ila kicheko kilichelewa kidogo kufika.

"Si ulisema lile friji ni zima?"

"Karani kaniita tena. Friza halina kitu, tundu liko wazi, na chini bado joto. Nikabonyeza kitufe. Kimya." Akaitoa mota ya zamani mfukoni akaiweka kaunta. Ilikuwa imeshikana kwa kutu na vumbi. "Hii haikufa jana. Ina miezi miwili, mitatu."

"Kwa hiyo yule mwanamke alisema kweli."

Akaigeuza ile mota upande wa pili.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia barafu ndiyo iliyoiua feni. Ililemewa."

"Na ni kweli?"

"Dada, mota imechoka tu, kama mota nyingine zote. Sasa unataka nijipake matope kwa mkono wangu mwenyewe? Nikakae kikao nao? Mimi ni fundi wa friji, si fundi wa ndoa."

Nikaifunga mota mpya kwenye gazeti nikampa. Hilo ndilo nililofanya, sikufanya lingine. Nilijiambia simjui yule mwanamke, sijui alikokwenda, mambo ya watu hayanihusu, na huyu ananiletea wateja kila siku. Visingizio nilikuwa navyo vya kutosha, nimevipanga kama bidhaa rafuni. Na nilipokuwa navipanga, mtoto wa watu alikuwa anafundishwa kumwita shangazi yake mama.

Ajabu ni kwamba kesi ile ilimpandisha chati. Habari zilienea kwamba yuko fundi aliyemnasa mkamwana muuaji kwa kuangalia friza tu. Watu wakaanza kumwita hata pasipo na friji bovu. Mwanamume mmoja alimwita aje aseme ni nani anakula nyama nyumbani kwake. Hakimu alikwenda, na sijui alihukumu nini, lakini alirudi anapiga mluzi.

Miezi saba baadaye akaja mwanamke mwembamba, asubuhi, duka ndio kwanza limefunguliwa. Alisalimia vizuri, akauliza kama hapa ndipo alipo fundi wa friji. Hakimu alikuwa kwenye benchi, amezamisha kichwa ndani ya mashine ya kufulia.

"Ndiye huyu. Sema tu, anasikia," nikamwambia.

"Fundi, friza langu linagandisha vizuri, lakini chini pana joto."

"Umelijaza?"

"Nimelitoa kila kitu. Siku tatu limekaa tupu, na tundu la hewa liko wazi. Bado joto."

"Ukifunga mlango unasikia mvumo?"

"Sisikii."

"Basi hiyo ni feni, mama. Bonyeza kitufe cha kwenye fremu, usiposikia kitu, feni imekufa. Hilo hata mtoto wa chekechea angekujibu."

"Haiwezi kuwa ni kosa langu la kupakia?"

"Ukishatoa vitu vyote na bado joto, mpakiaji ana kosa gani? Nani amekujaza huo upuuzi?"

"Fundi mmoja alikuja nyumbani."

"Fundi!" Sauti ilipaa kutoka ndani ya mashine. "Wamejaa mitaani hao. Wanaanza kutafuta mchawi kabla ya kupima. Angebonyeza kitufe tu!"

Hapo mimi, kwa maneno yale, nilikuwa nimeshamjua mwanamke yule ni nani. Yeye hakunitazama, alikuwa anautazama ule mgongo.

"Naomba uniandikie hivyo ulivyosema, fundi. Nyumbani hawaniamini."

Hakuna alichokipenda Hakimu kama kuandika. Akatoka kwenye mashine, akafuta mikono, akachukua kitabu changu cha risiti pale kaunta, akaandika kwa herufi kubwa za kupendeza: friza likigandisha na chini pakiwa na joto, na njia ya hewa iko wazi, kosa ni la feni, si la anayelitumia. Akatia sahihi yenye mkia mrefu. Akaichana karatasi akampa, bado hajainua macho.

Mwanamke akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu.

"Fundi, hunikumbuki?"

Nadhani ile ilikuwa mara ya kwanza kumwona Hakimu akimtazama mteja. Alimtazama muda mrefu, na bado hakumtambua. Ilibidi yule mwanamke amsaidie. "Mimi ndiye muuza barafu. Nilikwambia maneno hayo hayo jikoni kwangu, ukanijibu unafungua mafriji tangu sijaota meno."

Hakimu akauangalia ule mkoba. Unajua alisema nini? Hakuomba radhi. Alinyoosha mkono. "Hiyo karatasi ni kwa ajili ya friji lako la sasa. Kama si hivyo, irudishe."

"Sina friji, fundi. Nalala sebuleni kwa mama mdogo."

"Basi irudishe."

"Karatasi imetoka kwenye kitabu changu," nikasema, na nikasimama kati yao. Kisha nikamwomba mwanamke anipe ile karatasi, nikaandika chini yake tarehe niliyouza mota ya nyumba ile, na kwamba iliyotolewa ilikuwa imekufa miezi miwili au mitatu kabla ya hapo, nikagonga muhuri wa duka. Hakimu akakusanya vifaa vyake. Leo benchi lake liko kwa mwingine, mtaa wa pili, na kazi anazo tele.

"Kumbe ulijua," mwanamke akaniambia.

"Nilijua."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi. Aliniomba tu nimsindikize, aende na mtu mwenye muhuri.

Tulikwenda siku ile ile. Karani mwenyewe ndiye aliyefungua, akabaki kizingitini, mlango ameuegesha nyuma yake. Aliisoma karatasi midomo ikichezacheza, akairudia tangu juu.

"Sahihi ni ya fundi yule?"

"Ni yake," nikasema. "Ameandika mbele yangu, leo. Na mota niliuza mimi."

"Kwa hiyo hukuwa wewe," akamwambia mkewe, polepole.

"Sikuwa mimi."

Nilishusha pumzi. Nilidhani imekwisha, na nikaanza hata kumwangalia mtoto yuko wapi. Mama mkwe akauliza kutoka ndani, "Nani hao?"

Karani akamtazama mkewe, akaigeukia nyumba.

"Hakuna mtu, mama."

Kisha akatuambia kwa sauti ya chini, na nitasema hivi, hakuwa na hasira hata chembe: "Friji limeshapona. Mama ameshatulia. Mtoto amemzoea dada yangu. Sasa mnataka nianze kumwambia kila mtu upya?"

"Nataka mwanangu," mwanamke akasema.

"Karatasi inasema habari ya feni. Haisemi habari ya mtoto."

Akarudi ndani, akafunga mlango taratibu, kwa adabu kabisa, karatasi ikiwa bado mkononi mwake. Tukasikia komeo. Mwanamke aligonga, akaita jina la binti yake, akagonga tena mpaka jirani mmoja akachungulia dirishani akafunga pazia. Hatukufunguliwa.

Njiani hakulia. Tulipofika karibu na duka akasimama akaniuliza kama kile kitabu changu cha risiti kina nakala ya chini. Nikamwambia hakina. Miaka yote nanunua vile vya bei ya chini, visivyo na nakala.